Salio Lisilo na Jina la Mtu

Leo naomba tuache kidogo soka letu twende Marekani, kwenye ule mpira wenye umbo la yai ambao wenyewe huuita futiboli, na ligi yake kuu inaitwa NFL. Najua wengi wenu mnaufuatilia siku hizi. Mechi zao za Jumapili mchana, kule kukiwa baridi, huku kwetu huanza saa tatu za usiku, chakula kimeshaliwa na watoto wamelala. Ninalotaka kulizungumza ni pesa, na hasa ile inayobaki. Klabu ikishamaliza kupanga mishahara ya kila mtu, halafu ikaona bado ina nafasi ya kulipa zaidi, nafasi hiyo iitumieje?

Tuelewane kwanza kuhusu sheria. Tangu mwaka 1994 ligi hii imewekewa kikomo cha mishahara. Mwaka ule wa kwanza kila klabu iliruhusiwa kutumia dola milioni 34.6. Mwaka 2025 kikomo kilikuwa dola milioni 279.2. Klabu ziko 32 na kikomo ni hichohicho kwa wote, iwe klabu ya New York au ya Green Bay, mji wenye watu laki moja na kidogo. Kinapangwa kutokana na mapato ya ligi nzima, hasa haki za televisheni, ambayo wachezaji wana fungu lao la asilimia 48 hivi. Mapato yakipanda, kikomo nacho kinapanda. Kimewahi kushuka pia: baada ya msimu wa korona, uliochezwa viwanja vingi vikiwa vitupu, kilitoka milioni 198.2 mwaka 2020 hadi milioni 182.5 mwaka 2021.

Sasa, salio la kikomo halikai benki. Klabu ikibaki milioni 30 chini ya kikomo, msidhani kuna kasiki mahali lenye milioni 30 zinazomsubiri mchezaji. Kilichobaki ni ruhusa tu ya kutumia. Pesa yenyewe, isipotumika, iko kwa tajiri mwenye klabu. Na tangu makubaliano ya mwaka 2011 kati ya wenye klabu na chama cha wachezaji, ruhusa hiyo inaweza kuvushwa yote hadi msimu unaofuata. Ndiyo maana kila ifikapo Machi, usajili unapofunguliwa, utasikia wachambuzi wakizipanga klabu kwa ukubwa wa salio na kuzipongeza zilizo juu kama vile zimeshinda kitu. Mimi sioni cha kupongeza. Salio nitalisifu siku meneja mkuu atakapoweza kuniambia ni la nani: mchezaji gani atalipwa nalo, lini, na kwa nini yeye. Na kama msimu umeshaharibika na hakuna wa kulipwa, aniambie atanunua nini nalo.

Maana linaweza kununua vitu ambavyo havionekani uwanjani siku hiyo. Nendeni Cleveland, jimbo la Ohio. Msimu wa 2016 timu yao, Browns, ilishinda mechi moja ikapoteza 15. Ikavusha mwaka na salio la zaidi ya dola milioni 50. Wakati huohuo kule Houston, Texas, walikuwa na jipu lao. Mwaka mmoja nyuma walikuwa wamemsajili Brock Osweiler kwa miaka minne na dola milioni 72. Osweiler alikuwa kotabeki, yaani yule mpiga pasi anayeongoza mashambulizi yote. Msimu mmoja ulitosha kuwaonyesha kwamba hafai. Lakini mshahara wake wa 2017, dola milioni 16, ulikuwa na dhamana. Acheze asicheze, lazima alipwe.

Tarehe 9 Machi 2017 Cleveland wakakubali kumchukua, yeye na milioni zake 16. Sikilizeni vizuri jinsi biashara ilivyokwenda. Houston ndio waliokuwa wanatoa mchezaji, na Houston haohao ndio walioongeza malipo juu yake: wakawapa Cleveland chaguo lao la raundi ya pili la mwaka 2018. Kwa asiyefahamu, vijana wanaotoka vyuo vikuu hawajiuzi wenyewe kwa klabu waipendayo. Kila Aprili klabu huwachagua kwa zamu, raundi saba, na ile iliyofanya vibaya zaidi huanza. Zamu hizo huuzwa na kununuliwa. Kijana aliyechaguliwa hufungwa na mkataba wa miaka minne kwa mshahara mdogo uliopangwa tayari, kwa hiyo zamu ya raundi ya pili ni mali kubwa.

Osweiler hakuichezea Browns hata mechi moja ya msimu. Septemba, kabla ya ligi kuanza, wakamwacha, na timu ikaenda kupoteza mechi zote 16. Ukipima kwa matokeo ya mwaka ule, milioni 16 zimepotea bure. Aprili iliyofuata ile zamu ya Houston, ya 35 katika orodha nzima, ikamleta Nick Chubb, mkimbiza mpira kutoka Chuo Kikuu cha Georgia. Msimu wake wa kwanza alikimbia yadi 996, wa pili yadi 1,494. Januari 2021 Cleveland wakacheza hatua ya mtoano kwa mara ya kwanza tangu msimu wa 2002, wakaenda Pittsburgh kwa mahasimu wao na kushinda 48 kwa 37, Chubb akiwa mmoja wa nguzo zao. Salio ambalo lingelala tu hadi mwaka unaofuata lilikuwa limenunua mchezaji bora wa nafasi yake kwa miaka kadhaa.

Aliyeipanga biashara ile, Sashi Brown, hakuwepo siku Chubb anatajwa. Alifukuzwa Desemba 2017. Zamu aliyoinunua ilitumiwa na mrithi wake, John Dorsey. Jambo hili linaniuma, kwa sababu ndilo linalowafanya mameneja wengi waikwepe njia hii hata wanapojua ni sahihi. Mwenye klabu anayetaka salio lake litumike kwa akili lazima ampe mtu wake muda wa kuona matunda, la sivyo kila meneja atatafuta jina kubwa la kuwatuliza mashabiki mwezi Machi, ili ajilinde mwenyewe.

Denver nao wametuonyesha namna nyingine ya biashara hiyohiyo. Novemba 2021 walikuwa na Von Miller, gwiji wao, mkataba wake ukiwa ukingoni, na timu haikuwa na mwelekeo wa ubingwa. Los Angeles Rams walimtaka ila hawakuwa na nafasi ya mshahara wake. Ulikuwa umebaki kama dola milioni 9.7 kwa sehemu iliyosalia ya msimu. Denver wakasema, sisi tutalipa milioni 9, ninyi malizieni, ila mtuongezee zamu. Wakapata ya raundi ya pili na ya raundi ya tatu kwa mchezaji wa miaka 32 ambaye wangempoteza bure Machi. Rams wakachukua ubingwa Februari 2022, Miller akimwangusha kotabeki wa Cincinnati mara mbili katika fainali yenyewe. Denver nao, kwa zamu ile ya raundi ya pili, wakamchagua Nik Bonitto, ambaye mwaka 2024 aliwaangusha makotabeki mara 13 na nusu, nusu ikiwa ya tukio alilochangia na mwenzake. Milioni 9 zile zisingeiokoa Denver mwaka 2021 kwa njia yoyote. Wale wanaosema timu mbovu haina la kufanya na salio lake warudi waitazame biashara hii tena.

Hayo ni ya timu iliyopoteza mwelekeo. Timu nzuri, yenye vijana wanaochipukia, ina kazi tofauti, na hapa ndipo moyo wangu ulipo. Salio la timu nzuri liwaendee kwanza watu wake wenyewe, na liwaendee kabla hawajalazimika kuliomba.

Mtazameni Jordan Mailata wa Philadelphia. Kijana wa Sydney, Australia, mwenye asili ya Samoa, mcheza raga. Philadelphia walimchagua mwaka 2018 katika raundi ya saba, ya mwisho, akiwa hajawahi kucheza mechi hata moja ya futiboli ya Marekani maishani mwake. Kwa sisi huku habari hii si ngeni kabisa, kwa sababu Daniel Adongo, mcheza raga kutoka Nairobi, aliingia Indianapolis Colts mwaka 2013 kwa njia inayofanana na hiyo, akawa Mkenya wa kwanza kucheza ligi ile. Mailata alikaa misimu miwili bila kugusa mechi ya ligi. Wa tatu akaanza mechi kumi, kazi yake ikiwa kumlinda kotabeki upande wa kushoto, mahali ambapo kosa moja linaweza kumvunja mtu mfupa. Septemba 2021, mkataba wake ukiwa bado na mwaka mzima, klabu ikamwita ikampa mkataba mpya wa miaka minne wenye thamani ya dola milioni 64.

Milioni 16 kwa mwaka kwa mtu mwenye mechi kumi! Ilionekana kamari. Lakini mwaka huohuo Trent Williams wa San Francisco, anayecheza nafasi hiyohiyo, alikuwa amesaini kwa wastani wa milioni 23 kwa mwaka. Kufika Agosti 2024 Tristan Wirfs wa Tampa Bay alisaini kwa zaidi ya milioni 28. Bei inafuata kikomo, na kikomo kinapanda karibu kila mwaka. Kwa hiyo anayemlipa mchezaji wake mwaka mmoja mapema analipa bei ya jana. Mchezaji naye anapata uhakika kabla goti halijamsaliti. Wote wawili wanaondoka na kitu, na ni nadra sana katika biashara hii kuona meza ambayo wote wananyanyuka wakiwa wamepata.

Dallas, kinyume chake, hungoja. Agosti 2024 wakamalizana na mdaka pasi wao, CeeDee Lamb, kwa miaka minne na dola milioni 136 baada ya yeye kususia kambi nzima ya mazoezi. Septemba 8, siku ya mechi yao ya kwanza ya msimu, wakamalizana na kotabeki wao, Dak Prescott, kwa milioni 60 kwa mwaka, kiwango ambacho hakuna mchezaji wa ligi ile aliyekuwa amekifikia. Mwaka uliofuata ikawa zamu ya Micah Parsons, mlinzi wao hatari kuliko wote. Wakavutana hadi mwishoni mwa Agosti 2025, kisha wakamuuza Green Bay, ambao walimpa miaka minne na dola milioni 188. Kila mara kungoja kumewagharimu, na safari ile ya mwisho kumewagharimu mtu mwenyewe.

Hapa lazima niongeze tahadhari, kwa sababu kuna waliolipa mapema wakaumia vibaya. Septemba 2022 Denver walimpa kotabeki Russell Wilson nyongeza ya miaka mitano, dola milioni 245, kabla hajawachezea hata mechi moja ya ligi. Baada ya misimu miwili walimwacha, na mkataba ule ukawaachia dola milioni 85 za pesa mfu, yaani gharama inayohesabiwa kwenye kikomo kwa mtu ambaye hayupo tena. Mailata alikuwa miaka mitatu mazoezini mwa Philadelphia. Makocha walijua anavyokula, anavyojifunza, anavyopona. Wilson alikuwa amefika majuzi tu kutoka Seattle. Kulipa mapema kunataka uwe unamjua mtu.

Na namna ya kulipa nayo ina uzito wake. Mchezaji akisaini kule hupewa pesa ya usajili, kama wanavyopewa wachezaji wetu wa Simba na Yanga. Yeye huipokea yote, ila kwenye vitabu vya kikomo hugawanywa kwa miaka ya mkataba, isizidi mitano. Dola milioni 20 za leo zitahesabiwa milioni nne kila mwaka. Ni sawa na kuchukua unga kwa mkopo dukani kwa Mangi: unakula leo, unalipa kidogo kidogo, na ukihama mtaa kabla hujamaliza, Mangi anataka deni lote lililobaki. Ndivyo pesa mfu inavyozaliwa. Klabu yenye salio haina sababu ya kukopa hivyo. Inaweza kumlipa mchezaji wake fungu kubwa kama mshahara au bonasi inayohesabiwa mwaka huohuo, ikaubeba uzito sasa hivi wakati ina nafasi, na miaka ya mbele ikabaki bila deni. Philadelphia wenyewe hawafanyi hivyo. Wao hukopa sana, wakitegemea kikomo kiendelee kupanda, na mpaka sasa hesabu yao imekubali. Ila ukumbukeni ule mwaka wa 2021.

Mwaka huo ndio New England walipoingia sokoni na salio kubwa, wenzao wakiwa wamebanwa, wakasajili wachezaji wengi katika siku chache za Machi. Wapo walioleta faida, kama Matthew Judon, aliyewaangusha makotabeki mara 12 na nusu msimu ule. Lakini walimpa Jonnu Smith miaka minne na dola milioni 50, na msimu wa kwanza akadaka pasi 28 tu. Miaka miwili baadaye aliuzwa Atlanta kwa zamu ya raundi ya saba. Timu ilifika hatua ya mtoano, ikafungwa na Buffalo 47 kwa 17, na haikusogea zaidi ya hapo. Soko la Machi huuza wachezaji ambao klabu zao, zinazowajua kuliko mtu yeyote, zimekubali waondoke. Anayenunua huko kwa bei ya juu ajiulize kwanza wenzake wamejua nini ambacho yeye hajakijua.

Sisemi soko lifungwe. Kinachonivutia mimi ni mikataba midogo ya mwaka mmoja. Machi 2024 Philadelphia hao walimchukua Zack Baun kwa dola milioni 3.5. Kule New Orleans alikuwa anatumika zaidi katika vikosi vya kupiga na kurudisha mipira. Kocha wa ulinzi Vic Fangio akamhamishia katikati ya uwanja, na mwisho wa msimu Baun alikuwa katika kikosi bora cha ligi nzima. Fainali ya Februari 2025, waliyoishinda Kansas City 40 kwa 22, alinasa pasi ya Patrick Mahomes, kotabeki wa Kansas City. Kwa salio la milioni 15 unaweza kuwajaribu watu wanne wa bei ile, watatu wakakosea, na usidaiwe na mtu mwakani. Mwezi uleule klabu ilimsajili pia Saquon Barkley, jina kubwa kabisa, kwa miaka mitatu na karibu dola milioni 38, naye akakimbia yadi 2,005. Mtaniambia ninajipinga. Lakini wakimbiza mpira walikuwa wameshuka bei kwa miaka kadhaa, na Philadelphia waliliona hilo kabla ya wengine.

Kuna salio jingine ambalo machoni ni salio na kumbe limeshaliwa. Kuanzia Machi hadi ligi inapoanza Septemba, kikomo huhesabu mikataba 51 mikubwa tu ya kila klabu. Ligi ikianza wanahesabiwa wachezaji wote 53 wa kikosi, pamoja na kikosi cha mazoezi, pamoja na majeruhi waliowekwa kando ambao mishahara yao inaendelea. Mtu akivunjika Oktoba, anayekuja kuziba pengo naye analipwa, na yule aliyelala hospitali bado yuko kwenye hesabu. Klabu makini huacha milioni kadhaa kwa ajili hiyo, na hakuna wa kuilaumu.

Wala siwalaumu San Francisco walipovusha makumi ya mamilioni kutoka msimu wa 2023. Walikuwa na Brock Purdy, kotabeki aliyechaguliwa wa mwisho kabisa mwaka 2022, wa 262, akilipwa chini ya dola milioni moja kwa mwaka. Kila mtu alijua siku yake inakuja, na ilikuja Mei 2025, miaka mitano, dola milioni 265. Salio lile lilikuwa na jina tangu siku ya kwanza.

Linalonikera ni salio linalovushwa mwaka baada ya mwaka bila jina la mtu yeyote. Makubaliano ya mwaka 2020 yanaitaka kila klabu itumie taslimu angalau asilimia 90 ya kikomo, lakini hesabu hufanywa kwa vipindi: 2021 hadi 2023, 2024 hadi 2026, kisha 2027 hadi 2030. Klabu inaweza kujikunja mwaka mmoja au miwili ikalipia kwa pupa mwishoni mwa kipindi. Na chama cha wachezaji kimesema kwa muda mrefu kwamba mchezaji wa kawaida hudumu katika ligi ile miaka mitatu na kidogo tu. Yaani kijana anaweza kuingia klabu inapobana, akaumia, akaondoka, na pesa ikaja kutoka wakati yeye yuko nyumbani anauguza bega. Shabiki naye amelipia tiketi bei ileile miaka yote mitatu.

Ningependa kipimo hicho cha asilimia 90 kiwe cha kila mwaka. Klabu inayotaka kuvusha zaidi ya hapo kwa ajili ya mchezaji fulani isaini naye sasa, mkataba uanze kuhesabiwa sasa, kama alivyofanyiwa Mailata. Makubaliano ya sasa yanakoma baada ya msimu wa 2030. Siku wenye klabu na wachezaji watakapokaa tena mezani, kifungu hicho ndicho ningetaka wakifungue mapema, kabla hawajafika kwenye idadi ya mechi na haki za televisheni.